Kompyuta ya mkononi ilizima wakiwa chini ya Ziwa Nyasa

Hapana wakuu, mimi mwenyewe sijazamia. Hata maji ya kuoga nayatazama kwanza.

Anayezamia ni mwanangu Tuntufye, na nawasimulia kama ilivyokuwa. Nikiongeza chumvi, mpunga wangu wa Rujewa uliwe na ndege wote.

Kazi yao iko Kyela, kufunga kamba kwenye vitu vilivyozama chini kabisa ili vivutwe juu. Huko kupanda ni kwa vituo. Unasimama, unasubiri, unapanda tena. Ukikurupuka, hewa inafanya mapovu kwenye damu, unapooza au unakufa.

Mwenzake ni Baraka wa Iringa, anavaa kompyuta ya wazamiaji mkononi kama saa, inamwonyesha asimame wapi na kwa muda gani. Anaongea puani, polepole, kama anasoma tangazo la msiba: "Maaama, hii kompyuta ya mkononi inapiga hesabu yenyewe."

Sawa, baba.

Ila kwangu mtu haondoki bila kutaja njia. Marehemu mume wangu akipeleka ng'ombe bondeni alitaja kila kivuko, ndipo nampakulia. Tuntufye naye alitaja vituo vyake vyote, na gesi ya kuvuta kwenye kila kituo, huku nasonga ugali. Akikosea nainua mwiko, anaanza upya.

Baraka alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Basi siku hiyo huko chini kompyuta ya Baraka ikazima. Akachanganyikiwa, akaanza kukimbilia juu. Tuntufye, mwenye saa ya kawaida na kipima kina, akamkamata mkanda wa mtungi. Akamsimamisha kituo kwa kituo, mpaka wakatoka wazima. Mimi nilikuja kuambiwa baadaye.

Nikajua mtoto wa watu amejifunza.

Baraka akaja kwangu na kompyuta mpya mbili, moja kila mkono, kama bibi harusi na bangili. Anataka waende kina kirefu zaidi. Nikamwambia vizuri sana, mbili ni bora kuliko moja, sasa taja njia.

"Maaama, zitaniambia."

Wakuu, mashine vaeni, hata tatu. Lakini njia ya kurudi iwe kichwani kabla hujalowa. Hapo sirudi nyuma. Wazamiaji mliomo humu nipingeni, nipo.

Na msiniulize kwa nini hawafanyi kazi pamoja tena. Tuntufye alikuwa pale pale anakunywa chai; aliweka kikombe chini, akamwambia taratibu tu:

"Baraka, sishuki na mtu ambaye mkono wake unajua kupanda, yeye hajui."