Treni Isiyogusa Ardhi

Mama yangu alimwona kaka yangu kwenye televisheni Jumapili moja mchana, mvua ikinyesha, miaka kadhaa baada ya sisi kuhamia Kilburn, kwa Waingereza. Kaka alikuwa ameketi dirishani mwa treni. Treni yenyewe ilikuwa inaning'inia kwenye reli moja iliyopita juu yake, magurudumu kwenye paa, tumbo hewani, na chini yake mto. Mama alipiga ukelele hata nikadhani ameungua.

"Huyo! Huyo! Kashika sikio!"

Ni kweli kaka alikuwa na tabia ya kujishika sikio anapowaza. Na ni kweli mtu yule wa kwenye filamu, aliyeonekana kwa muda wa kupiga chafya, alikuwa kajishika sikio. Nikamwambia mama kuwa dunia nzima ina masikio. Alinitazama kwa jicho lililoniziba mdomo.

Kaka alikuwa wapi hasa, hatukujua. Baada ya mapinduzi walikuja watu nyumbani kwetu Unguja, alasiri, wakasema anatakiwa akajibu maswali mawili matatu. Alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Alivaa viatu, akamwambia mkewe asiondoe chakula. Hakurudi. Kaburi hatukuonyeshwa, na kila tulipouliza tuliambiwa tusiulize. Baba alikuwa ameshafariki zamani, basi tulioondoka tulikuwa wanawake watatu: mama, mimi, na wifi yangu, yaani mke wa kaka, ambaye pia ni binti wa mjomba wangu, ndiyo maana akimwita mama "shangazi". Yeye alipata kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Mimi nilikuwa nasomea uuguzi.

Filamu ile ilihusu treni za reli moja duniani kote. Mama hakujua Kiingereza, akanishika mkono nimfasirie upesi kabla haijaisha. Nikamwambia ile ya kuning'inia iko Ujerumani.

"Ujerumani," akasema, na uso ukamng'aa. "Si hao Wajerumani waliokuja kujenga majumba Unguja baada ya vurugu? Wamemchukua. Kijana ana akili, wamempeleka kusoma."

"Mama, Ujerumani ziko mbili. Waliokuja Unguja ni wa upande mmoja, treni hii iko upande mwingine. Katikati kuna ukuta."

"Ukuta uko chini, mwanangu. Hii inapita juu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamgeukia wifi anisaidie. Alikuwa amesimama mlangoni na mikono imejaa unga wa chapati. Alisema polepole, "Si yeye, shangazi," kisha akarudi jikoni.

Filamu za siku zile zikishapita zimepita. Hakuna kurudisha nyuma ukatazama tena, na labda hilo ndilo lililotuponza. Mama alibaki na sura ile kichwani, na kila mwezi iliongezeka kitu: mara kaka amekonda, mara amefuga ndevu, mara alitutazama. Ikionyeshwa monoreli ya Marekani, alikuwemo. Ikionyeshwa ya Japani, ile iendayo uwanja wa ndege, mama alisema kazi imemhamisha. Siku moja nilisoma gazetini kuwa hiyo ya Japani ilifunguliwa mwaka uleule wa mapinduzi. Sikumwambia mtu, lakini usingizi uliniruka. Kwa sababu mtu asiye na kaburi utamweka wapi? Na mama alikuwa amempata mahali: kwenye treni isiyogusa ardhi.

Mwenye kuteseka alikuwa wifi. Mke wa mtu aliye hai hujipamba, na mama alihakikisha anapambwa. Kila ikikaribia Idi alimketisha mkekani, akamchora hina na piko miguu na mikono kama bibi harusi, akafukiza udi hadi jirani wa juu, Mwairishi, akaja kuuliza kama kuna moto. Wifi alinyoosha mikono. Asubuhi ya kazi aliivisha mikono ile glavu za mpira, akaenda kufua. Mimi nilikasirika. Nilimwambia mama, "La kuvunda halina ubani." Mama akanijibu kuwa hajaona kilichovunda hapa isipokuwa mdomo wangu.

Kisha akaja mtu. Dereva wa basi, Mmombasa wa makamo aliyefiwa na mke, akikaa Thornton Heath. Alikutana na wifi kwenye basi lake, akimwona kila siku ameketi kiti kilekile. Hakufanya uhuni. Alikuja kwa adabu, na mshenga wake, na kilo ya tende. Mama aliwakaribisha, akawapa kahawa, akawasikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Baba, umekuja kumposa mke wa mtu."

Yule bwana aliinama, akaomba radhi, akaacha tende. Wifi alikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona akiliuma pindo la mtandio wake.

Tulikwenda kwa shehe, mimi na yeye. Shehe alisema miaka iliyopita inatosha, kadhi anaweza kumhesabu mume kuwa amekufa, mke akae eda ya miezi minne na siku kumi, na akimaliza awe huru. Alishughulikia jambo lenyewe, hukumu ikatoka. Kilichobaki ni wifi kukaa. Hakukaa. "Shangazi kanilea tangu nna meno ya utoto," aliniambia tukiwa kituoni. "Nikikaa eda, mie ndiye niliyemuua mwanawe."

Ikapita Idi, ikapita nyingine. Dereva hakuoa.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ilipokaribia Idi Kubwa, mama alikoroga hina kama kawaida, akaita. Wifi alitoka chumbani amevaa nguo nyeupe tupu, hana hereni, hana wanja. Alikaa mkekani, akaficha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto.

"Shangazi, nisamehe. Mie nimekaa eda."

Mama aliinuka na bakuli lile la hina. Halafu akaenda kulimwaga chooni.

Kazini, wifi aliomba likizo, akasema amefiwa na mume. Bibi msimamizi alimpa pole, akamuuliza amefariki lini. Alinisimulia baadaye kuwa alisimama pale mdomo wazi, Kiingereza chote kimemwishia, na msimamizi akadhani ni huzuni, akamshika bega. Ilikuwa huzuni kweli.

Mama hakusema naye eda yote. Alipika, akamwekea sahani mlangoni, akaondoka. Televisheni haikuwashwa. Nilikuwa narudi kutoka shifti nakuta flati imetulia, wanawake wawili wako humo na hakuna hata anayekohoa, na nakiri nilikuwa naogopa kuingia. Nilihisi tuko wanne.

Siku ya kutoka eda lazima mwanamke aoshwe na mtu mzima wa kike, avishwe nguo mpya. Nilijiandaa kufanya mimi. Asubuhi ile nikakuta mlango wa bafuni umefungwa na maji yanamwagwa kwa kata, na sauti ya mama ndani, akimsugua na kumsomea dua. Katikati ya dua alisimama akasema, wazi kabisa, "Mwanangu amekufa." Kilio alichotoa hapo kilikuwa kilio cha miaka yote ile. Jirani wa juu alishuka tena mbio. Nilimwambia tumefiwa, akavua kofia.

Wifi aliolewa na dereva. Mama alifariki nyumbani kwao Thornton Heath, mikononi mwa wifi, wajukuu wasio wa mwanawe wakimjibu kwa Kiingereza naye akiwatukana kwa Kiswahili.

Mimi sikuolewa. Nilipostaafu nikawa mtembezi. Nimepanda monoreli ya Kuala Lumpur, nimepanda ya Japani, nikijiambia ni utalii. Mwaka jana nilikwenda Ujerumani, kwenye mji ule wa treni ya kuning'inia. Nilikaa kwenye benchi kando ya mto kutwa nzima. Treni zilipita juu, moja baada ya nyingine, na nilitazama kila dirisha. Mwanamke mtu mzima, mwenye pensheni. Nilijionea haya, na sikuinuka.

Niliporudi nilikwenda kumsalimia wifi. Alikuwa jikoni anaosha mchele, mumewe chumba cha pili anasikiliza habari. Nilimpa chokoleti za huko, nikamwambia mji ni mzuri, baridi kali. Aliniacha nimalize. Kisha akatazama mlango, akashusha sauti.

"Alikuwepo?"

Yeye! Yeye aliyesema si yeye, aliyekaa eda peke yake, mwenye mume na watoto.

"Hakuwepo, wifi yangu. Nimetazama madirisha yote."

"Ya pande zote mbili?"

Nilikuwa nimekaa upande mmoja tu wa mto. Nikamwambia hivyo. Alifunga bomba, akaukung'uta mchele.

"Basi hujui," akasema.