Landrova Yenye Mabaka

Landrova ya idara yetu ya mifugo ilikuwa na rangi tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa imechaguliwa na mtu. Bodi yake ilikuwa ya rangi ya maziwa, ile iliyokuja nayo. Mlango wa kushoto ulikuwa wa kahawia, umeng'olewa kwenye gari jingine lililopinduka likatupwa nyuma ya bohari. Boneti ilikuwa na madoa mekundu ya rangi ya kuzuia kutu, aliyoyapakapaka dereva aliyenitangulia kila mahali alipoona panamtia wasiwasi. Dereva huyo alipohamishwa hakuletwa mwingine. Mimi, kijana wa kidato cha nne niliyefundishwa kuchanja ng'ombe, nikawa bwana mifugo msaidizi na dereva pia.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya operesheni ya kuhamia vijijini. Mkoa wa Simiyu haukuwapo. Bariadi tulikuwa chini ya Shinyanga. Barafu ya kuhifadhia chanjo ilitoka mbali, na haikuwa na siku maalumu. Ikifika asubuhi, unapakia sanduku na kuondoka asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kupeleka taarifa mbele. Watu wa kijiji cha Migato walikuwa wamepata njia yao ya kujua. Wachungaji waliokuwa juu ya mawe makubwa waliiona landrova ikivuka mto mkavu, wakapiga miluzi, na mimi nilipofika penye uchochoro wa magogo tuliokuwa tukichanjia, nilikuta makundi mawili matatu yameshafika na mengine yanakuja.

Waliijua kwa rangi zake. Msukuma anayechunga hahesabu ng'ombe kwa idadi, huwapitia mmoja mmoja kwa rangi na mabaka: yule mweusi mwenye jicho jeupe, yule mwekundu mwenye tumbo la maziwa. Akikosekana mmoja, anajua ni yupi kabla hajajua wamebaki wangapi. Landrova yetu nayo ilikuwa imeingizwa kwenye kundi. Mzee mmoja wa Migato, aliyekuwa na ng'ombe wengi kidogo na maneno mengi kuwazidi, alikuwa akigonga ule mlango wa kahawia kila nilipofika na kuniuliza huyu wangu anatoa maziwa kiasi gani. Nikimjibu kwamba anakunywa tu hatoi, alisema basi nimuuze, ng'ombe tasa hafugwi.

Mimi ni Msukuma wa Mwamanyili, nimechunga hadi nilipokwenda shule ya kati. Nayasema haya ili isionekane kwamba sikujua.

Siku moja bwana mifugo wa wilaya, mkubwa wangu, alituambia kwamba viongozi watapita barabarani kwenda kukagua mashamba ya pamba, na magari yote ya idara yapangwe mbele ya ofisi. Akaitazama landrova, akaniambia ila hiyo niifiche nyuma ya josho. Maneno hayo yaliniuma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina viatu vya ngozi, na gari lile ndilo lililonifanya nionekane mtu. Nikasema nitalipaka rangi. Akacheka, akasema idara haina fungu la rangi, lakini nikiweza kwa njia zangu hatanizuia.

Kupuliziwa rangi Mwanza kulihitaji kibali, barua na foleni ya miezi. Pale Bariadi palikuwa na fundi mmoja, Mwislamu mtu wa Tabora, aliyepaka milango ya maduka na kuandika mabango. Nilimfuata. Akaizunguka landrova mara mbili, akiigusa kwa ukucha, kisha akaniambia kwamba bodi ile si chuma, ni aluminiamu, na aluminiamu haishiki rangi ya mafuta mpaka ipakwe kwanza dawa yake maalumu. Dawa hiyo alikuwa nayo? Hakuwa nayo, wala nchi haikuwa nayo. Tukakubaliana kusugua sana kwa msasa na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Ikabaki rangi yenyewe. Fundi alisema kuna mwenye duka mmoja anayetarajia madebe ya rangi ya maziwa kutoka Mwanza, labda baada ya wiki tatu. Mimi sikuwa na wiki tatu. Nikaenda kiwanda cha kuchambulia pamba, kwa mtunza bohari niliyesoma naye, akanionyesha madebe mawili ya kijivu yaliyobaki. Akanipa bure, kwa kuwa kwenye vitabu vyake yalikuwa yameshaisha. Nilirudi kwa fundi nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Fundi akafungua debe, akakoroga kwa kijiti, akakiinua kijiti kwenye mwanga.

"Bwana mifugo, rangi hii naijua," alisema. "Niliipaka mwenyewe. Ndiyo ya lile gari la operesheni."

Nikamwambia rangi ni rangi.

"Kwa wewe uliyeko mjini. Huko ndani waliliona likija mbele, malori nyuma, na nyumba zikabomolewa. Subiri hiyo ya maziwa. Au niache nimtengenezee vizuri haya haya mabaka yake, apendeze."

"Gari la serikali lipakwe mabaka?"

"Si nyinyi Wasukuma mnaomjua kwa mabaka? Mimi nakusaidia tu."

Nilimjibu kwa ukali kwamba ng'ombe atajali sindano, hatajali rangi ya gari. Lilikuwa jibu la mtu aliyesoma kidogo. Fundi hakubishana. Alisema mwenye mali ndiye anayechagua, akavua kanzu, akavaa kaptura ya kazi.

Tulisugua siku mbili, yeye na mimi. Fundi hakuwa na mashine ya kupulizia rangi, ila alikuwa na bomba la mgongoni la kupulizia pamba dawa, alilolisafisha akalitengenezea mdomo mwembamba. Tulizimua rangi kwa petroli mpaka ikapita. Mlango wa kwanza ulitoka laini kabisa, nikamsifu. Wa pili bomba liliziba, tukalifungua, likaziba tena, mwishowe tukamalizia kwa brashi. Ukisimama hatua kumi hukuona mistari ya brashi. Ukikaribia uliiona, na wadudu wawili watatu wa pamba walikuwa wamenasa humo na kukaukia. Lakini ilikuwa rangi moja toka bampa hadi bampa, na viongozi walipopita niliisimamisha mbele ya ofisi kwenye mstari na mengine. Sidhani kama kuna aliyegeuza shingo kuitazama.

Wiki iliyofuata barafu ikafika. Ilikuwa chanjo ya chambavu, ugonjwa unaoua ng'ombe wachanga walionona, tena haraka: jioni anachechemea, asubuhi paja limevimba na amekufa. Huja na mvua za kwanza, na mvua zilikuwa zinakaribia. Nilipakia sanduku na kuondoka kwenda Migato.

Nilipovuka mto mkavu niliona watu juu ya mawe. Nilisikia miluzi. Nilipofika penye uchochoro hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Nikazima gari, nikapanga mabomba ya sindano, nikangoja. Upande wa mashariki, kuelekea porini, vumbi lilikuwa linainuka mahali pengi kwa wakati mmoja, nami nikadhani wanawakusanya. Jua lilipofika utosini vumbi lilikuwa mbali zaidi.

Alikuja mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akienda kuchota maji. Tukaamkiana, mwangaluka, mhola, akasimama mbali na gari. Nikamuuliza watu wako wapi.

"Wamekwenda porini na ng'ombe," alisema. "Malori yako yako wapi, mwanangu? Yanafuata nyuma?"

Nikamweleza kwamba hakuna malori, mimi ni bwana mifugo, gari ni lile lile. Akalitazama, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba lile analijua na hili silo. Kisha akashika njia yake.

Ningeweza kuwafuata kwa miguu. Ningeweza kulala pale, kesho yake nikapita nyumba kwa nyumba, nionekane uso. Barafu ingevumilia hadi kesho kutwa. Lakini nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, maana maneno ya fundi yalikuwa yananirudia. Nikafunga sanduku nikarudi mjini.

Ofisini palikuwa na fomu ya taarifa. Kwenye sehemu ya matokeo niliandika: Wananchi wa Migato wamekataa chanjo. Maneno matano. Nilijua kabisa kwamba si kweli. Kuandika kweli kungenilazimu kuandika habari za rangi, na mkubwa wangu alikuwa ameisifu rangi ile siku chache tu kabla.

Miaka ile mtu aliyekataa jambo la serikali hakubembelezwa. Mkubwa aliisoma taarifa, akatia sahihi, na fungu la chanjo la Migato likapelekwa kijiji cha Kimali. Nililipeleka mimi mwenyewe, kwa gari la kuazima, kwa kisingizio kwamba letu lina tatizo la breki.

Mvua zikanyesha. Siku ya pili ya wiki ya tatu, yule mzee wa Migato mwenye maneno mengi akaja ofisini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nilimwona akiingia na nikajifanya natafuta kitu kwenye kabati. Alimwamkia mkubwa, akakaa, akasema ng'ombe wachanga wanakufa, kwake peke yake wameshalala kumi na mmoja, wote wale ambao kijana wake angewatoa mahari mwaka huo. Alikuja kuomba chanjo kwa waliosalia.

Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alichukua faili, akalifungua, akamgeuzia.

"Ndugu mzee, chanjo ililetwa. Imeandikwa hapa, mliikataa."

Mzee hakujua kusoma, lakini aliukodolea macho ukurasa ule muda mrefu.

"Sisi hatukukataa," alisema. "Sisi tulikimbia."

Mkubwa akaniuliza mimi, niliyekuwa bado nimesimama penye kabati: walikataa au walikimbia? Mzee naye akageuka. Nadhani ndipo aliponitambua, maana uso wake ulilegea, kama mtu aliyeona shahidi wake amefika.

Nilisema, "Iliandikwa hivyo, mzee."

Iliandikwa. Kana kwamba kalamu ilijiandikia. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimesema uongo mwingine, mkubwa hata kuliko huo, lakini ninaoukumbuka sauti yake ni huo.

Mzee alibaki ananitazama, akingoja niendelee. Nilipoligeukia tena kabati akasimama, akashukuru, akaenda zake. Chanjo haikuwapo. Ilipopatikana nyingine, mvua zilikuwa zimeshapita, na chambavu ilikuwa imeshachukua ilichotaka.

Yale fundi aliyoyasema kuhusu aluminiamu yalitimia vile vile. Mvua zile zile zililegeza rangi, kwanza kwenye kona za milango, halafu ikawa inatoka vipande vipana kama ganda la muhogo uliochemshwa. Nilipokuwa nangoja petroli nilikuwa naibandua kwa kucha. Fundi aliniona siku moja, akaniuliza kama nataka aiongezee, debe la pili bado lina nusu. Nikamwambia hapana. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Alichukua kisu cha kukwangulia, akachuchumaa upande wa pili, tukakwangua wote mpaka saa ya swala. Ile rangi ya maziwa ikatokea, mlango wa kahawia ukatokea, na madoa ya boneti, machafu kuliko zamani lakini mahali pake.

Msimu uliofuata nilivuka mto mkavu, miluzi ikapigwa, na nilipofika penye magogo makundi yalikuwapo. Watu walicheka, wakagonga bodi kwa fimbo zao, wakasema amerudi, alikuwa amepotelea wapi huyu. Hakuna aliyeniuliza habari za kijivu. Walidhani ni magari mawili, na mimi nikawaacha wadhani.

Yule mzee alikuja mwisho. Alileta ng'ombe saba, wakubwa watupu, hakuna mtamba wala ndama dume. Kijana wake hakuwa ameoa. Alikuwa amekwenda kuvunja mawe Shinyanga, na walikuwa hawajapata habari zake. Nilichanja wale saba polepole kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimejiandaa njiani, maneno yote nilikuwa nayo: rangi ni mimi, taarifa ni mimi. Alipoachia wa mwisho alinisogelea karibu, akainamisha kichwa ili wengine wasisikie.

"Ng'wanone," alisema, neno la baba kwa mtoto wake, "yale maandishi ya mjini, kwamba tulikataa. Yalishafutwa?"

Nikaona kwamba hakuwa akiuliza habari za ng'ombe. Wale walikuwa wameshakufa. Alikuwa anauliza kama jina la Migato bado liko kwenye lile faili pamoja na watu waliokataa, na kama siku moja malori yatakuja kwa sababu hiyo.

Nilimwambia yalishafutwa.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika muda mrefu, kisha akawafuata ng'ombe wake. Nilikaa katika idara ile miaka mingine sita, na faili lile lilikuwa kabatini nyuma ya kiti changu. Sikulifungua.