Rangi Tatu za Chaki za Madame Henriette

Ukitaka kumjua Henriette Masika, anza na ubao wake. Katika darasa la tano la shule moja ya msingi, hatua chache kutoka mtaa wa Birere, ubao huo ulikuwa umegawanywa sehemu tatu. Swali la chaki nyeupe lilikuwa jepesi, la njano lilimtaka mtoto akune kichwa, la buluu lilikuwa la wale wasiochoka kuuliza maswali. Kila mtoto alijua rangi yake, na aliyemaliza yake alikuwa huru kujaribu inayofuata.

Watoto walikuwa sabini na sita. Wengine walisoma Kifaransa bila kupumua. Wengine, hasa waliokimbia vita upande wa Kibumba, walikuwa wamepoteza miaka miwili chini ya turubai na hawakumaliza sentensi mbili bila kukwama. Walimu wenzake walifundisha banki, yaani madawati, za mbele na kuziacha za nyuma zisinzie, kisha mwisho wa mwaka wakawalaumu waliosinzia. Henriette alimketisha kila anayejua ubavuni mwa asiyejua, na sheria yake ilikuwa hii: hujamaliza kazi mpaka jirani yako aieleze kwa mdomo wake mwenyewe. Ilimkausha sauti, lakini ilifanya kazi, na asikudanganye mtu.

Alikuwa na sababu yake. Akiwa mtoto kule Butembo alisomwa wa mwisho siku ya proclamation, ile siku ya kufunga mwaka ambapo mkuu wa shule husimama mbele ya wazazi na kutangaza jina la kila mtoto na asilimia yake, kutoka wa kwanza hadi mkia. Baba yake aliondoka kabla binti hajafika mbele kuchukua buletini, karatasi yake ya matokeo. Henriette akaapa kwamba hakuna mtoto wake wa darasani atakayeaibishwa hivyo. Kiapo hicho ndicho kilichomponza.

Igiraneza alikuwa na miaka kumi na minne kati ya watoto wa miaka kumi, magoti yake yakigonga banki. Mama yake, Béata, aliwahi kulima kabichi Kibumba. Sasa waliishi kwa mjomba, na mjomba alikuwa ameshasema. Akipita kwenda la sita, ataendelea na masomo. Akianguka, kuna familia inatafuta mtumishi wa nyumbani, na ataenda.

Henriette alimketisha na Élisée, aliyekuwa wa kwanza tangu alipoanza shule, mtoto wa Papa Cikuru, rais wa kamati ya wazazi. Élisée alimfundisha hesabu kwa vijiwe vyeusi vya volkano walivyookota uani. Kufikia mwezi wa tano Igiraneza alikuwa ameanza kugusa maswali ya njano, na alicheka peke yake kila jibu lilipotoka sawa.

Basi mwalimu wetu akafanya kosa la mtu mwema. Mtihani wa mwisho aliutunga wa aina tatu, kila mtoto kwa rangi yake, kisha akaziandika pointi zote kwenye orodha moja. Yeye alijua kila namba ilitoka wapi. Alisahau kwamba proclamation haisomi rangi.

Siku ilipofika, uwanja ulijaa. Directeur Donat, mkuu wa shule, mtu aliyependa sauti yake kuliko alivyopenda watoto, alisoma orodha bila kuipitia kwanza.

"Quatrième, Igiraneza, septante et un pour cent."

Wa nne, kwa asilimia sabini na moja. Béata alipiga vigelegele, akavua kitenge chake cha juu na kukitandika chini ili binti yake akikanyage. Watu wakapiga makofi.

"Cinquième, Élisée, soixante-huit."

Wa tano, sitini na nane. Makofi yakakatika. Papa Cikuru akasimama taratibu.

"Directeur, hawa batoto banakalaka banki moja. Wangu ndiye alimufundisha. Sasa juu ya nini anamupita? Umupe kazi kwa ubao, tuone bote."

Donat alimwogopa mtu huyo, na hakujisumbua kuficha. Ubao ukaletwa, akaandika swali la kugawanya sehemu kwa sehemu, lenye ugumu wa buluu tupu. Igiraneza akalitazama.

"Hii ni ya rangi gani?" aliuliza kwa adabu.

Wazazi wakacheka. Akainama, akaanza kuokota vijiwe kama alivyofundishwa, akavipanga chini mbele ya ubao, na kicheko kikazidi. Mwanamke mmoja alicheka hadi akafuta machozi. Élisée alifungua mdomo kumsaidia, baba yake akamfinya sikio. Vijiwe vikapangwa, vikapangwa upya, na jibu halikuja.

"Madame Henriette," Donat akasema, "hizi points ni za kweli?"

Maneno aliyokuwa nayo Henriette yangetosha. Angeweza kueleza rangi tatu, angeweza kusema huyu mtoto mwaka jana hakujua kutoa kumi kwenye ishirini. Lakini mwaka jana huohuo mwalimu wa la tatu alifukuzwa kwa pointi za uongo, na macho mia nne yalikuwa juu yake. Aliogopa. Niseme wazi, aliogopa kama mtu yeyote.

"Nilikosea kuandika, directeur," alisema. "Iko trente-sept."

Thelathini na saba: namba hiyo haikuwa kwenye karatasi yoyote. Aliiokota hewani.

"Igiraneza, trente-sept, échec," Donat akatangaza, yaani ameanguka, na watu wakampigia makofi Élisée, aliyepanda nafasi moja. Béata aliokota kitenge, akakikung'uta vumbi, akakikunja kidogo kidogo kana kwamba kukunja kungechukua siku nzima. Mjomba alikuwa ameshatoa simu kuitafuta ile familia.

Uwanja ulipoanza kutawanyika, Igiraneza alimfuata mwalimu wake hadi mlangoni mwa darasa. Hakuwa analia. Alisimama wima, mikono nyuma, kama wanavyosimama watoto wanapoitwa kujibu.

"Madame, unisamehe," alisema. "Nimekupatisha aibu mbele ya batu."

Henriette akamwambia amemsamehe.