Ugali wa Njano wa Bi Mwanaidi

Bi Mwanaidi wa Nanyamba ana miaka sitini na miwili, na ishirini kati ya hiyo ameikalia meza ya kuchambua korosho katika kikundi chetu cha wabanguaji: nyeupe huku, zilizoungua kule. Mwaka jana doa lilimwingia katikati ya jicho la kulia. Akimtazama mtu kwa jicho hilo, masikio anayaona, uso hauoni.

Daktari wa macho mjini Mtwara hakumficha. Nyuma ya jicho, pale panapoona vitu vidogo, kuna rangi ya njano inayopunguza ukali wa mwanga. Mwili hauitengenezi, huipata kwenye mboga za majani, kiini cha yai, mahindi ya njano. Kilichokwisha kuharibika chakula hakikirudishi, ila jicho la kushoto alitunze, na arudi kupimwa.

Kisamvu tunakula sote. Mayai, sawa. Lakini mahindi ya njano! Kwetu hayo ni yanga, unga wa msaada wa miaka ya njaa, na anayeonekana akiusonga huonewa huruma. Bi Mwanaidi akayapanda nyuma ya nyumba. Mdogo wake, Nassoro, alikuja juu.

"Dada, unatuaibisha. Watu watasema tumefulia."

"Waseme. Watakuja kunichambulia korosho?"

Akawa anabeba ugali huo kazini na kuula waziwazi. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na sasa naona haya.

Ndipo mwenyekiti wetu, Fatuma, akamletea ufagio. "Mama, meza inataka macho. Wewe sasa utafagia."

"Sifagii." Akaliziba jicho bovu kwa kiganja. "Changanya sinia lolote. Nikiacha hata moja iliyoungua, nipe huo ufagio."

Fatuma akachanganya kwa makusudi. Bi Mwanaidi alichambua kwa mkono mmoja, polepole mpaka tukakereka. Fatuma akakagua mara mbili, hakupata kitu. Hasira zikanipanda, nikalivuta sinia alilokuwa amelichambua Fatuma mwenyewe: nne zilizoungua zimelala na nyeupe. Akaondoka na ufagio wake.

Nikamuuliza Bi Mwanaidi kama ni ugali uliomponya. Akanitazama kana kwamba kipofu ni mimi.

"Nani kapona? La kulia limekwenda. Hili lililobaki ndilo ninalolipikia, na nitalipikia mbele yenu. Nawa mikono, ule."