Chumba Nilichowaahidi Waliofurikiwa

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi hotelini hapa Juba, na ninakaa peke yangu mtaa wa New Site kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Mto ulipofurika na maji kuingia mtaa wa Juba Na Bari, watu wa kanisa letu walifungua grupu la WhatsApp. Mwenye gari aseme, mwenye nafasi ya kulaza watu aseme. Nikaandika, "Nina chumba. Karibuni." Wakaniombea baraka, nami nikawa nazisoma na kuzirudia.

Jioni hiyo akafika Mama Keji wa kanisani kwetu na mama mkwe wake mgonjwa. Walikuwa wamelowa, matope hadi magotini, wamebeba godoro linalochuruzika maji. Nikaangalia vigae vyangu, nikaangalia lile godoro.

"Poleni, chumba kimeshapata watu."

"Malesh, dada. Sisi hapana jua."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Akamshika bibi mkono, wakaondoka.

Kwenye grupu wakauliza kama wageni wamefika. Nikajibu, "Wamefika, wako salama." Niliona haya kusema ukweli, nikaongeza uongo.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wa kanisa wakaja bila taarifa, wamewaletea wageni wangu blanketi na unga. Aliyejitwika furushi la blanketi alikuwa Mama Keji, ambaye siku zote hizo alilala sakafuni kwenye darasa la shule.

"Wageni iko wapi?" akauliza.

Akasukuma mlango wa chumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, hakijaguswa.

"Bibi iko na homa ya sakafu," akasema polepole. Hakugomba. Afadhali angenigombeza.

Nikamfuata hadi barabarani, nikamsihi amlete bibi.

"Bibi takataa. Yeye naogopa kufukuzwa tena."

Tangu hapo grupu halimpeleki mtu popote mpaka mzee wa kanisa akakague nyumba kwanza. Mvua kubwa iliyofuata, familia moja yenye mtoto mchanga ilishinda chini ya turubai ikingoja ukaguzi. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema, angewafungulia papo hapo. Mateso yale niliwapa mimi.

Hotelini nakaribisha wageni kwa tabasamu kila siku. Kanisani sasa nakaa benchi la nyuma.

Wewe unayesoma, kama huna moyo wa kumpokea mtu na matope yake, usimwite. Nyamaza tu, atafute kwa wengine kungali mchana.