Bariere ya Mvula

Watu wa vitabu huniuliza kwa nini nikiandika vita vya kwetu siandiki maiti. Maiti nimeziona. Lakini mtu wa mbali akishasoma maiti anafunga kitabu akidhani ametujua, na mimi sikubali kujulikana hivyo. Mimi naanza na mti.

Ulikuwa mti wa mkaratusi uliokatisha njia kati ya Beni na Mbau, mahali ambapo njia inateremka kwenye udongo mwekundu kabla ya kuvuka kijito. Upande mmoja ulifungiwa jiwe zito, ili upande wa pili uinuke kwa mkono mmoja. Jua likiwaka, mti ulisimama wima na magari yakapita. Mvula ikinyesha, baba yangu aliushusha, na kila gari, liwe la padri, la mfanyabiashara au la mkubwa wa jimbo, lilizima motere na kungoja udongo ukauke. Hiyo ndiyo bariere ya mvula. Gari zito likipita juu ya udongo uliolewa maji, magurudumu yanachimba mitaro miwili. Gari linalofuata linaizidisha. Linalofuata tena linazama hadi tumboni, na kuanzia hapo hakuna njia, kuna shimo la matope ambamo watu watalala siku nyingi wakila mizigo yao wenyewe.

Kama udongo umekuwa tayari, baba alijua kwa kisigino. Alivua kiatu, akakanyaga katikati ya njia kwa uzito wake wote, akaondoa mguu na kutazama. Alama ikijaa maji, bado. Ikibaki kavu, aliinua mti, na motere zikaanza kukohoa moja baada ya nyingine mpaka juu kilimani.

Kazi hiyo alipewa na wizara ya kazi za umma, kabla ya vita. Walimtuma kutoka Equateur, nchi ya mto mkubwa, akafika kwetu akisema Lingala na Kifaransa cha shule. Kiswahili alikiokota njiani kama mtu anayeokota kuni: kipande hapa, kipande pale, na vingine vibichi. Mama yangu ni wa Butembo, wa familia ya Wakatoliki wanaolima na kuuza maharagi. Kaka zake walipinga ndoa ile. Walimwambia: unaolewa na mutu wa serikali, na hiyo serikali umeiona wapi? Mama akawajibu kwamba ameiona, iko na nyumba ya manjanja. Ni kweli, nyumba ya bariere ilikuwa na paa la manjanja, yaani mabati, na mvula ilipoanza tuliisikia juu ya vichwa vyetu kabla ya mtu yeyote wa sehemu zile. Baba alikuwa ameshavaa kofia yake wengine wakingali wanaangalia mawingu.

Kisha vita vikaja, na vingine juu ya vile. Wizara ilibaki Kinshasa, sisi tukawa upande wa waasi. Mshahara ukanyamaza. Lori la changarawe halikuja tena. Siku moja mama alikuwa anapepeta maharagi mlangoni, akamwambia baba bila kuinua macho:

— Baba ya batoto, serikali yako imeanguka. Ule muti uko unashushia nani?

— Mvula imeambiwa? akauliza baba.

— Imeambiwa nini?

— Kama serikali imeanguka.

Mama alisonya, kisha akacheka kwa hasira, akarudi kwenye ungo wake. Kuanzia siku ile tulikula kwa jembe lake, mihogo na kakao ya shamba lililopakana na msitu, na baba akaendelea kushusha mti. Aliziba mashimo kwa mawe tuliyobeba sisi watoto kutoka kijitoni. Alizibua mifereji. Hakumwuliza mtu ruhusa, na mtu wa kumwuliza hakuwepo.

Wakati huo kila mwenye bunduki na kamba alikuwa na bariere yake. Madereva walijifunza kutoa mkono dirishani kabla gari halijasimama, noti zimekunjwa kati ya vidole. Kwetu pia walitoa mkono, na baba aliusukuma urudi ndani.

— Hapa hapana kulipa. Hapa ni kungoja.

Hilo liliwatisha. Kulikuwa na mwanamke mmoja mnene wa Butembo, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, aliyepanda mpaka Oicha kununua na kushuka ameketi juu ya bido zake, yale madumu ya mafuta, kama askofu kitini. Tulimwita mama wa mawese. Sauti yake ilifika kabla ya gari.

— Papa bariere, alisema, ata padri anapitisha kitunga. Wewe unakula nini, matope?

— Nakula ya bibi yangu.

— Bariere ya bure inaniogopesha kupita ya kulipa. Ile ya kulipa, najua inataka nini.

Watu wakacheka, na baba akacheka nao, lakini kicheko kile kilikuwa na mfupa ndani yake. Mtu asiyechukua kitu anangojea nini? Hilo ndilo swali lililozunguka sokoni Mbau. Likazidi pale walipofika wanajeshi wapya kutoka upande wa ule mto mkubwa, wakiimba Lingala ndani ya magari. Nilipokwenda kisimani na bido yangu, wanawake walinyamaza. Msichana mmoja wa darasa langu aliniambia wazi: ndugu za baba yako wamefika, sasa tutajua alikuwa anangojea nini.

Baba hakuwa na shamba, hakuwa na ukoo karibu, hakuwa na mshahara. Alikuwa na jambo moja tu, kwamba katika njia ile yote hakuna aliyeweza kusema: huyu mgeni amenila. Sasa jambo hilo likaanza kutikisika.

Komanda wa wanajeshi wale alikuja mchana wa jua. Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye adabu. Baba alimsalimu kwa Kiswahili, na kijana aliposikia Lingala ndani ya ulimi ule akasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Mwana mboka, akamwita, mtoto wa nyumbani. Akamkumbatia. Mgeni ni mgeni, mama akapika sombe ya majani ya mihogo na fufu, na komanda akala huku akisimulia samaki wa mto wao, jinsi wanavyofungwa ndani ya majani na kuwekwa juu ya makaa. Baba alicheka. Kilikuwa kicheko nisichowahi kukisikia nyumbani kwetu, kicheko cha ujana wake, na mimi nilikaa pembeni nikiona wivu.

Baada ya kunawa mikono, komanda alisema neno lake. Alilisema kwa Lingala, na mimi nililielewa, maana baba alitubembelezea kwa lugha hiyo.

— Yaya, muti huu unalala siku za mvula tu. Hiyo ni hasara. Sasa utalala kila siku. Utaushika wewe, kwa sababu wewe ni wetu, na kila gari litalipa. Yetu tutachukua, yako itabaki. Na magari yetu sisi hayatangoja mvula.

Alimwita yaya, kaka mkubwa, kwa sauti ya upendo. Nadhani alimpenda kweli. Akasema atarudi kusikia jibu.

Mama alikusanya sahani. Baba alikuwa bado ameketi.

— Ukikubali, alisema mama, mimi nitaangalia batu na macho gani pale soko?

— Na nikikataa?

— Batakamata nyumba. Nyumba ni manjanja tu.

— Kaka zako batacheka.

— Bacheke. Nitabaambia serikali iko ndani ya matope, kama beye banataka kuiona bakuye.

Mvula ilikuja asubuhi moja ya soko. Mti ulishuka, na magari yakapangana kutoka bariere hadi kwenye kona: kakao, mchele, ndizi, mbuzi waliolia, na mama wa mawese juu ya bido zake, amejifunika turubai hadi puani. Mvula ilikuwa imepungua na kubaki manyunyu pale lori la mbao lilipoipita foleni yote kwa ubavu, likipiga honi, likasimama pua kwa pua na mti. Komanda akashuka.

— Yaya, tombola nzete, alisema. Inua mti.

Baba alimjibu kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili chake kibovu, cha vipande, na kwa sauti ya mtu anayehubiri, ili ifike mpaka kwenye kona.

— Njia iko na mayi, komanda. Ngojea ikauke.

Kijana alitabasamu, akasogea karibu. Alimwambia azungumze Lingala tu, kwani hapa tuko sisi kwa sisi.

— Hapana, alisema baba. Hapa hatuko sisi kwa sisi. Hapa kuko batu.

— Amesema muzuri, sauti ikatoka chini ya turubai. Kuko batu, na batu bako na njaa.

Baadhi ya watu walicheka. Komanda hakutabasamu tena. Baba aliweka mkono juu ya mti.

— Ile maneno uliniuliza kwa sahani ya bibi yangu, nakujibia mbele ya bote. Nimekataa. Hii bariere ni ya mvula. Bunduki hapana kazi hapa.

Nilikuwa nimeshika kikwembe cha mama. Nilihisi mwili wake unakakamaa, kisha ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo. Mwanajeshi mmoja alimpiga baba mbavuni kwa kitako cha bunduki, na baba akaanguka kwenye mfereji alioulima yeye mwenyewe. Wawili wengine walichukua shoka kutoka kwenye lori, wakaukata mti. Lori likapita. Ningependa kuandika kwamba lilizama. Halikuzama. Liliteleza, likainama upande, likachimba mitaro miwili mirefu kama makaburi, likapanda ng'ambo likinguruma.

Komanda alibaki na vijana wake. Akawageukia madereva, akasema kwa Kiswahili:

— Njia iko wazi. Moja moja. Mulipe, mupite.

Mimi nilijua hapo ndipo tungekwisha. Watu wale walikuwa wamengoja tangu alfajiri. Mbuzi wao walikuwa wanalowa, ndizi zao zinaiva, na mti haukuwepo. Dereva wa gari la mbele, lile la mama wa mawese, aliwasha motere. Baba aliinuka kwa kushikilia kigingi kilichobaki cha bariere. Alivua kiatu, akaingia njiani akiwa ameinama upande mmoja, akakanyaga. Akaondoa mguu. Maji mekundu yakajaa polepole.

— Bado, alisema.

Dereva akamtazama komanda, akamtazama baba. Mkono wake ulikuwa juu ya gia.

— Zima motere, alisema mama wa mawese.

— Mama, njia iko wazi.

— Nimekuambia zima. Mimi nimekunywa hii mvula tangu asubui, unataka niikunywe bure?

Akazima. Nyuma yake mwingine akazima, na mwingine. Nilisikia ukimya ukipanda mlima kutoka gari hadi gari, mpaka yakabaki matone tu yanayoanguka kutoka kwenye migomba. Wale wanajeshi wangeweza kutunyang'anya vyote. Lakini kunyang'anya ni kazi ya mara moja, na komanda alitaka bariere, kitu cha kula kila siku, na bariere haiwezi kumla mtu aliyekaa chini asiyetaka kupita. Alitembea mbele na nyuma. Mwishowe alielekeza kidole nyumbani kwetu.

Wakapanda juu ya paa. Walifungua manjanja yote, moja moja, wakayabeba mabegani hadi ng'ambo, kwenye lori lililokuwa likiwangoja. Mama alisimama mlangoni akiwaelekeza kwa sauti tulivu mahali palipobaki msumari, ili wasijikate. Mimi nililia kwa aibu ya kuona vyombo vyetu viko wazi chini ya mbingu, lakini yeye hakulia. Kabla ya kuondoka komanda alisema, safari hii kwa Kiswahili na si kwa Lingala, kwamba akikuta mti tena mahali hapa atampiga mtu risasi. Yaya hakutamka tena.

Jioni ile waliteremka watu ambao hawakuwahi kuingia kwetu. Walileta majani ya mangungu, yale mapana ya msituni, na fito, wakaezeka kabla ya giza. Yule msichana wa darasa langu alipokea majani kutoka kwa mama yake, akanipa mimi, nami nikampa baba aliyekuwa amekaa chini kwa sababu ya mbavu zake. Paa likawa bovu lakini likawa paa. Wasingya, mama aliwaambia, asanteni, na wakaitikia kama watu waliokopeshwa.

Hatukusimamisha mti mwingine. Baba hakutaka mtu afe kwa ajili ya mkaratusi. Komanda alimwacha askari mmoja katika kibanda karibu na kijito, kijana kutoka mto mkubwa naye, mwenye koti kubwa kumzidi, achunge.

Mvula iliyofuata ilipiga mchana, nzito. Baba alitoka, akasimama kando ya njia chini ya jani la mgomba, mikono mfukoni, hakumpungia mtu. Gari la kwanza lilikuja likiteremka, likasimama pale mti ulipokuwa. La pili likasimama nyuma yake. Foleni ikarudi mpaka kwenye kona.

Askari akatoka kibandani na bunduki yake, akapita gari hadi gari akiuliza ni nani amewazuia. Kila dereva alimjibu: mvula. Alitafuta majanini. Aliinama akachungulia chini ya gari la mbele. Alimtazama baba, ambaye hakuwa ameshika kitu. Mwishowe aliinua uso wake uliolowa kuelekea juu ya bido za mawese.

— Mama, aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyetumwa kitu asichokipata. Bariere iko wapi?

Mama wa mawese alimfikiria kidogo.

— Uko unasimama ndani yake, mutoto yangu. Sogea.

Akasogea.