Siku Besi Ilipomeza Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na zulia, na Mkurugenzi, mfanyabiashara wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa Morogoro Mjini, aliamini vumbi la mtaani lingeua mashine yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa. Wenzake walileta vitenge na redio, yeye akaleta programu ya kuandika nota za muziki.

"Mkoa huu una kwaya nyingi kuliko mabasi," alisema. "Mimi nota sijui, dada. Wewe unajua. Miezi mitatu ya majaribio, halafu tutaona."

Nilizijua kwa sababu nilipiga kinanda kanisani. Shule niliiacha kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki wakifuatana, nami nikabaki mkubwa wa watoto wanne. Wadogo zangu watatu walikuwa bado darasani. Nikishindwa majaribio, wangetoka wote.

Aliyenifundisha ni Msimamizi wa Chapa, mzee aliyepanga herufi za risasi za uchapaji maisha yake yote. Kuandika nota nilikuzoea upesi. Kilichonirusha roho ni kusikiliza: unabonyeza kitufe, mashine inakupigia ulichoandika, sauti zote nne kwa pamoja. Mara ya kwanza nilisimama kabisa kutoka kitini.

"Keti," Msimamizi alisema. "Sasa sikiliza tena. Unasikia nini?"

Nikasikiliza. "Kama mtu anagonga mihuri posta."

"Haya. Ndiyo kazi yako hiyo."

Niwaeleze vijana. Kila nota ndani ya mashine ina namba ya nguvu, kuanzia moja hadi mia moja ishirini na saba. Wataalamu huiita kasi, maana kinanda cha umeme hupima kidole kimeshuka haraka kiasi gani: kikishuka haraka, sauti ni kubwa. Usipoigusa, mashine huzipa nota zote namba ileile, ndipo unasikia mihuri. Unafungua kidirisha cha nota, unabadili namba, unasikiliza, unabadili tena. Kwenye karatasi haionekani. Anayeijua ni mwenye masikio.

Mwezi wa tatu wa majaribio alishuka Mwalimu wa kwaya moja ya milimani, juu huko njia ya Mgeta. Alikuwa na wimbo wa tamasha, na wengi wa waimbaji wake hawakusoma nota. Nikamtengenezea kanda nne, moja kwa kila sauti. Katika kanda ya besi, nota za besi niliziweka mia moja na kumi, zilizobaki arobaini, ili wenye besi waisikie sauti yao vizuri. Nyingine nikazifanya vivyo hivyo. Juu ya kila kanda niliandika jina la wimbo na namba ya sauti tu. Mkurugenzi alifurahi mno, akasema kwaya hiyo itakuwa tangazo letu.

Wiki tatu baadaye Mwalimu alirudi, na shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mmeniulia kwaya," alisema.

Alikuwa amelazwa hospitali karibu muda wote huo. Redio kaseti kule ilikuwa moja, mali ya Mzee wa Besi, naye akaweka kanda ya nne, ile ya besi, kila mazoezi, kwa kila mtu. Wakajifunza wimbo kama walivyousikia: besi inanguruma, wengine wanapumua tu. Tamasha lilikuwa limebakiza siku nane.

Mkurugenzi alinitazama. "Dada, majaribio yako yanaisha na tamasha hili."

Nikafungua ule wimbo na kuanza upya, nota moja moja. Kanda ya nne nilikuwa nayo kichwani, nikaipindua: pale sauti ya kwanza inapobeba maneno, besi ikashuka hadi hamsini, na mwisho wa mstari, ambapo watu huvuta pumzi, nota ya mwisho nikaiacha ifie polepole. Siku mbili. Msimamizi alisikiliza, akasema, "Huyu sasa ana mapafu." Nikapanda mlimani mwenyewe na kanda moja.

Niliwakuta wamevaa makoti, ukungu umeingia hadi mlangoni. Waliisikiliza mpaka mwisho. Mzee wa Besi akakunja mikono.

"Binti, ya kwanza ilisema hivi, hii inasema vile. Tumwamini nani?"

"Hii, mzee. Ile ya kwanza ilikuwa ya kujifunzia besi peke yake. Sikuandika, kosa ni langu."

"Kumbe!" mama mmoja wa sauti ya kwanza akadakia. "Sisi tulidhani tumeagizwa tunong'one. Tumemsengenya Mungu wiki tatu nzima."

Walicheka hadi Mwalimu akagonga meza. Kisha wakaimba, na Mzee wa Besi, kwa taabu inayoonekana, akashusha sauti. Nywele zilinisimama. Namba zangu zilikuwa zimeingia vifuani mwa watu.

Kwenye tamasha walishika nafasi ya tatu. Mkurugenzi hakunipongeza. Aliniuliza nataka kiti cha aina gani, maana kile cha majaribio kilikuwa cha mbao. Nilikaa ofisini hapo hadi nywele zikawa nyeupe, na tangu siku ile hakuna kanda iliyotoka mikononi mwangu bila maelezo ya matumizi. Wadogo zangu walisoma wote watatu. Ndio walioniambia, "Dada, sasa pumzika," nami nikastaafu.

Juzi nilipita kumsalimia binti aliyechukua nafasi yangu. Programu za leo huzipa nota nguvu zenyewe, na sauti zake ni kama za watu. Alinipigia wimbo mpya. Ulikuwa mzuri, nikamwambia hivyo.

"Nota ipi umeipa namba ndogo kuliko zote?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Imejipanga yenyewe."

"Na wewe ungependa iwe ipi?"

Akafikiri, akaonyesha moja kwa kidole. Nikavuta kiti.